Nani Hajui Kusoma?

Watu wanaponiuliza habari za ualimu wangu, huniuliza juu ya watoto: nani alifaulu, nani sasa ni daktari, nani alikuwa mtundu. Ni haki yao, kwa maana nilifundisha shule za msingi tangu mwaka 1971 hadi nilipostaafu mwaka 2010, na katika miaka hiyo zaidi ya kumi na tano nilikuwa mwalimu mkuu. Lakini somo lililonikaa moyoni kuliko yote sikulipata kwa watoto. Nililipata jioni, kwa taa ya chemli, mbele ya watu walionizidi umri. Nalo nililipata kwa kukosea.

Vijana wa leo wakisikia neno “ngumbaru” hucheka. Kwao ni neno la mzaha, la kumwita mtu mjinga. Sisi tuliokuwapo tunajua kwamba ngumbaru lilikuwa jina la darasa la watu wazima, na la mwanafunzi wake pia. Katika barua za serikali liliitwa kisomo. Nakumbuka akina mama wakiagana penye kisima saa tisa mchana: “Tutaonana ngumbaru.” Hapakuwa na aibu katika neno lile. Aibu tuliitia sisi baadaye.

Tarehe 31 Desemba 1969, mkesha wa mwaka mpya, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe. Hoja yake haikuwa ngeni. Tangu mwaka 1964 alikwisha kusema kwamba watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta faida, bali watu wazima mabadiliko yao huonekana sasa hivi. Sisi vijana wa chuo tuliipokea hoja hiyo kwa moyo mmoja. Tulijiona askari. Adui walikuwa watatu, ujinga, umaskini na maradhi, na huyo wa kwanza tulikuwa tumekabidhiwa sisi.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka 1971 wilaya sita, yaani Kilimanjaro, Mafia, Masasi, Mpwapwa, Pare na Ukerewe, zilipewa lengo la kufuta ujinga kabla ya mwaka kwisha. Mwaka huohuo TANU ikaamua kwamba nchi nzima iwe imefuta ujinga ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vilikusanya watu wapatao milioni mbili, na mwaka huo pia serikali ikaagiza mahali pa kazi patengwe muda wa wafanyakazi kusoma. Huku kwetu agizo hilo liligusa viwanda vya Tanga na mashamba ya mkonge, ambako wengi walikuwa wamekuja wakiwa manamba, watu walioitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa majina.

Januari 1971 nilipangiwa shule moja ya pwani, kati ya Tanga na Pangani. Kijiji sitakitaja. Mimi ni Mbondei, mzaliwa wa vilima vya Muheza, na herufi nilifundishwa na watu wa misheni. Bahari nilikuwa nikiiona kwa mbali tu, siku za mbingu safi. Asubuhi nilifundisha watoto, na saa kumi jioni niliwapokea wazazi wao, wakaketi katika madawati yale yale, magoti yakigonga mbao.

Orodha yangu ilikuwa na majina arobaini na matatu, na thelathini kati ya hayo yalikuwa ya wanawake. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba kalenda yangu na ya bahari hazikupatana. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, akina mama wote walikuwa mwambani wakichokoa pweza. Usiku wa giza, wanaume walikwenda kuvua dagaa kwa karabai. Mahudhurio yangu yalipanda na kushuka kama maji yenyewe, nami mwezi wa kwanza niliandika katika ripoti kwamba wanakijiji hawana ari. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Jambo la pili lilihusu vitabu. Mradi wa UNESCO ulioanzia kanda ya Ziwa mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, ulikuwa umeleta mtindo mpya wa kumfundisha mtu kusoma kwa njia ya kazi yake: mkulima wa pamba asome juu ya pamba, mfugaji juu ya ng'ombe, mvuvi juu ya samaki. Mtindo huo ulikuwa wa maana sana. Wengi walijifunza kupima mbolea na kusoma mizani, hata karani wa mnunuzi akashindwa kuwapunja. Lakini kila sentensi ilikuwa amri au ushauri. Lima hivi. Chemsha maji. Jenga choo. Baada ya mwaka mmoja mama mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, “Mwalimu, katika kusoma huku hakuna hadithi?” Nikamjibu kwamba hadithi zitakuja baadaye, akishajua kusoma. Jibu hilo nimelijutia.

Kwa kweli fasihi haikukosekana kabisa katika kisomo. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawaomba walieneze Azimio la Arusha kwa tungo zao, na marehemu Mathias Mnyampala, aliyekuwa kiongozi katika chama cha UKUTA, akakuza ngonjera, yale mashairi ya kujibizana. Vitabu vyake vya ngonjera vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake. Siku za sherehe wanakisomo wangu walisimama mbele ya diwani wakajibizana, mmoja akiwa mvivu na mwingine mjamaa, na watu walicheka na kupiga vigelegele. Hata hivyo maneno yalikuwa ya kukariri. Waliyapokea, wakayasema, wakayarudisha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa zima. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni tano, na waliofanya mtihani zaidi ya milioni tatu na nusu. Matokeo yaligawanywa katika hatua nne, na waliofikia Hatua ya III na ya IV ndio waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika. Katika sensa ya mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban 67 katika kila 100. Baada ya mtihani ule walihesabiwa kuwa 39. Hakuna nchi nyingi zilizofanya kazi kama hiyo katika miaka minane, nami sitaki mtu ayasome haya akadhani ninaibeza. Nilikuwamo, na ninaionea fahari.

Katika chumba changu alikuwamo bibi mmoja wa miaka sitini hivi, mjane, msuka mikeka. Alihudhuria bila kukosa, isipokuwa siku za bamvua. Kuandika kwake kulikuwa kwa taabu: kalamu aliivuta kutoka kulia, herufi zikasimama vibaya, na mimi kila mara nilimshika mkono nikaugeuza. Siku ya mtihani, mahali palipotakiwa sentensi fupi, aliandika mistari miwili mirefu kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa haraka usio na kosa la kusita. Niliitazama karatasi ile kwa muda. Kisha nikaweka sifuri, na jina lake nikaliandika Hatua ya I, pamoja na wale waliohudhuria tu. Sikuuliza mtu. Nilijiambia kwamba kanuni ni kanuni.

Hakurudi darasani. Wiki ya tatu nikaenda kwake jioni, kwa kuwa alikuwa mfano wa mahudhurio na mratibu alikuwa akija.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako.”

Hakutaja mtihani. Aliniletea dafu, tukazungumza habari za mvua. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari kubwa la hesabu, la namna ile ya maduka ya zamani, limefungwa katika kipande cha kanga. Akalifungua, akaniwekea mapajani.

“Nisomee, mwalimu.”

“Bibi, herufi hizi mimi sizijui.”

Akanitazama, akacheka kicheko cha mtu mwema. “Basi na wewe ngumbaru.”

Msomaji wangu, tangu siku ile nilianza kuitafuta historia ambayo chuoni sikufundishwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya miguu yangu. Katika mwambao huu watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya shule za misheni. Wanawake walikuwamo. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utenzi mashuhuri wa mawaidha mnamo mwaka 1858, na tenzi za namna hiyo zilinakiliwa na kuimbwa majumbani, mama akimfundisha binti. Huku kwetu Mrima, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, akieleza jinsi pwani ilivyotwaliwa na jinsi Abushiri bin Salim alivyopigana hadi akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Utenzi huo ulikuja kuchapishwa kwa herufi za Kirumi katika miaka ya 1950, kwa kazi ya J. W. T. Allen, ambaye katika miaka ya 1960 alizunguka pwani akikusanya hati za aina hiyo kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Nyingi zilitoka katika masanduku ya nguo.

Hata upande wetu wa vilimani hatukuwa mikono mitupu. Kwenye misheni ya Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, ilichapishwa Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, Mwislamu wa pwani aliyewahi kuwatumikia watawala wa Kilindi. Nimeishi ujana wangu wote mwendo wa miguu kutoka Magila bila kuambiwa hivyo.

Kisha herufi zikabadilika. Wajerumani walipoingia, mwanzoni waliandikiana na maliwali na maakida kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndicho walichokikuta. Katika miaka ya 1890 wakafungua shule ya serikali mjini Tanga, wakafundisha herufi za Kirumi, na tangu mwaka 1904 hadi 1916 shule hiyo ikapiga chapa gazeti la Kiongozi, ambalo Waafrika wa miji mbalimbali waliliandikia habari zao. Waingereza wakaendeleza kazi: Mambo Leo mwaka 1923, pamoja na mashairi ya wasomaji wake; Kamati ya Lugha mwaka 1930. Faida zake hakuna wa kuzikana. Bila hatua hizo mimi na Mngoni na Mhaya tusingeandikiana. Lakini katika muda wa kizazi kimoja mtu aliyekuwa msomi wa kijiji akawa, katika vitabu vya serikali, mtu asiyejua kusoma. Herufi alizozijua ziliachwa kuhesabiwa. Mkoloni alianza hesabu hiyo. Mimi niliimalizia Agosti 1975, kwa kalamu nyekundu.

Baba yake bibi yule alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyeishi, basi alimfundisha yeye. Nusu ya daftari ilikuwa tenzi alizozinakili kwa mkono wa baba yake akiwa msichana. Nusu ya pili ilikuwa yake mwenyewe: mawaidha kwa binti yake aliyeolewa ng'ambo, mwaka wa njaa na waliokufa, majina ya watoto aliowazalisha, kwa maana alikuwa mkunga pia. Yote kwa mizani na vina. Alinisomea huku akisuka, bila kuliangalia daftari mara nyingi.

“Kwa nini basi ulikuja darasani, bibi?” nilimwuliza.

“Barua za mwanangu siku hizi anaandikiwa na mjukuu,” akasema. “Kwa herufi zenu.”

Tukafanya makubaliano. Jumanne alinifundisha alifu na be, barazani kwake, pamoja na watoto wawili wa jirani walionicheka. Alhamisi nilimfundisha a, e, i, o, u, na safari hii sikumshika mkono. Aliporudi darasani, niliwaomba wengine wamsikilize akighani. Nilishangaa. Watu ambao niliwahesabu kuwa hawana kitu wakaanza kuitikia. Watatu walizijua tungo zile, na mmoja akamsahihisha neno.

Hapo ndipo nilipoleta kitabu changu mwenyewe, cha Shaaban Robert. Naye alikuwa mtu wa hapahapa, mzaliwa wa Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali. Vitabu aliviandika baada ya saa za ofisi. Katika Maisha Yangu ameweka tenzi mbili za mawaidha, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Nilisoma Hati kwa sauti. Sikufika mbali, bibi akaipokea kwa lahani ya tenzi za nyumbani, na kanga zikaanza kufuta macho. Hawakuhitaji kuelezwa utenzi ni nini. Mama kumwusia binti kwa utenzi walikuwa nako kwao. Hapa walikuta baba akifanya vivyo hivyo, kwa herufi za shule.

Jioni ile niliwapa kazi ambayo haikuwamo katika kiongozi cha mwalimu: kila mtu aandike kwa mtu wake lile alilo nalo moyoni. Asiyeweza kuandika aseme, na mwenzake aandike. Tulianza na watu kumi na moja, na kwa muda wa miaka miwili na ushei tukakutana kila Alhamisi ambayo bahari ilituruhusu.

Nitaje machache ninayoyakumbuka. Mzee mmoja aliyekuja zamani kutoka Songea kukata mkonge alisema kwamba kwa miaka ishirini alimlipa mwandishi wa barua mjini, na barua zote zilikuwa na maneno mamoja: mimi mzima, hofu kwenu, shida ni nauli. Sasa alipoandika mwenyewe, barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi tano, na ya nne ilieleza harufu ya mkonge unapotoka mashineni. “Hawajui ninakonuka,” alisema. Mvuvi mmoja aliandika jinsi ya kuufikia mwamba wake wa kuvulia, mnazi upi uupange na mnara upi wa msikiti, lakini alama ya mwisho akaiacha. Nilipomwuliza akanijibu, “Mwalimu, si umesema maandishi husomwa na kila mtu?” Sijapata kusikia maelezo bora zaidi juu ya tofauti ya kusema na kuandika.

Mama mwingine, siku alipoweza kuunganisha silabi, aliisoma kanga aliyozawadiwa na mke mwenzake miaka sita nyuma, akatambua kwamba alikuwa akilivaa tusi sokoni na arusini. Darasa zima lilicheka hadi chemli ikatikisika. Yeye hakucheka. Alirudi Alhamisi iliyofuata na beti tatu za kujibu, safi, zisizo na neno chafu hata moja, na kila mtu alijua zimekwenda kwa nani. Sasa huyo alikuwa mwanafunzi wa Hatua ya II. Niambie, ni mtihani gani ungempima?

Tungo hizo na maelezo hayo niliyanakili katika daftari moja la kurasa tisini na sita. Bibi alinakili zake upande wa pili wa kila ukurasa, kwa herufi zake, kuanzia nyuma kuja mbele, tukakutana katikati. Nilipanga kulipiga chapa kwa stensili likipata karatasi.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 nikapata uhamisho kwenda bara. Daftari niliona ni mali ya darasa, nikaliacha katika kabati la ofisi pamoja na mahudhurio. Sikufanya nakala. Bibi alinisindikiza hadi njia panda, akanipa mkeka, akasema nisisahau kuzitia nukta herufi zangu.

Nilirudi kijijini mwaka 1984, miaka ya ule uhaba mkubwa, hata karatasi ya kufungia chumvi haikuwapo. Kabati lilikuwapo, daftari halikuwapo. Mama mmoja muuza karanga aliniambia, bila hila yoyote, kwamba karatasi za ofisi zilikuwa zikigawiwa, na kwamba zilikuwa nzuri kwa kufungia. Sikumlaumu, na sitamlaumu mtu. Mwenye kulijua thamani yake nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeliacha.

Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda kutoa mkono wa pole, nikaulizia daftari lake kubwa. Mjukuu wake, kijana wa darasa la saba, aliyefaulu vizuri, akanieleza kwa heshima. Walipofungua sanduku walilikuta limeliwa na mchwa pembeni. Nyumba nzima hapakuwa na aliyeweza kulisoma. Wakaona ni herufi za Kiarabu, wakadhani ni sehemu ya Kurani au dua, wakaogopa kulitupa ovyo. Basi wakalizika kwa adabu pamoja na juzuu zilizochakaa.

Nimeifikiria habari hiyo kwa miaka arobaini. Hakuna aliyefanya ubaya. Kijana yule alikuwa matunda ya kazi yangu. Alisoma gazeti bila kusita. Na kwa sababu hiyohiyo maneno ya bibi yake, yaliyomtaja yeye kwa jina siku aliyozaliwa, yaliwekwa ardhini na mikono yake mwenyewe, asijue kwamba anajizika.

Takwimu ziliendelea kupanda. Baada ya mitihani ya mwaka 1977, 1981 na 1983, ule wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Kisha hali ya uchumi ikabana, walimu wa kujitolea wakakosa posho, vitabu vikaisha, na idadi ikaanza kurudi juu. Wataalamu wametoa sababu nyingi, nami sina sababu ya kuwapinga. Ninaongeza moja ya kwangu, ya darasa moja tu: mtu mzima hubaki darasani pale anapokuta kitu chake. Walioendelea kusoma na kuandika katika kijiji kile, kwa niliyowaona mwaka 1984, walikuwa wale wa Alhamisi. Mzee wa mkonge alikuwa bado anaandika barua zake. Yule mama wa kanga alikuwa akitunga nyimbo za arusi, na wasichana walikuja kwake na kalamu.

Katika miaka ya 1990 ulikuja mpango wa MUKEJA, ambao ulianza kwa kuwauliza wanakisomo wenyewe wanataka kujifunza nini. Nilipousoma nilifurahi, nikasikitika kidogo pia. Swali hilo yule mama alikwisha kuniuliza mwaka 1972, kwa maneno machache zaidi: katika kusoma huku hakuna hadithi?

Basi nina maombi mawili kwa atakayeyasoma haya. Kwa mwalimu kijana anayepewa darasa la watu wazima: usianze na ubao. Anza kwa kuwauliza wanajua nini kwa moyo, waliimbiwa nini, waliusiwa nini, na uandike wakikutazama. Herufi watazipata njiani. Na kwa wewe uliyerithi sanduku la bibi yako, hapa Tanga, Pangani, Mkwaja au popote pwani: ukikuta daftari la herufi usizozijua, usilizike. Mpelekee mzee anayezisoma, hata kama ni kwa safari ya basi. Pengine ni dua. Pengine ni hesabu ya nazi. Pengine jina lako limo.

Mimi ninalo karatasi moja tu. Ni ile ya Agosti 1975. Nilikuwa nimeichukua nyumbani nikasahihishe, na majina tu ndiyo yaliyopelekwa wilayani. Miaka yote ilikaa ndani ya kitabu changu cha Shaaban Robert. Nilipojua kuzitia nukta herufi zangu, niliisoma. Mtihani ulidai sentensi fupi juu ya jambo lolote la kazi zako. Bibi alieleza kwamba kazi yake ni mikeka, na kwamba kijana anayemfundisha ana subira, Mungu amzidishie.

Pembeni yake kuna sifuri yangu, nyekundu. Sijaifuta.